Wiki ya tatu hatusemi kitu, na bado unalipa

Mwezi uliopita bosi mmoja wa kiwanda cha mikate hapa Jinja, Uganda, alinipigia simu asubuhi, hata salamu hakuimaliza. "Mwalimu, kijana wako amesimama kando ya mashine ya kukanda tangu zamu ianze. Ana daftari tu, hafundishi. Mimi nalipia nini?"

Swali hilo tunaulizwa karibu kila kazi, tena karibu kila mara katika wiki ya tatu. Leo nalijibu kwa wateja wetu wote.

Sisi tunafundisha wasimamizi wa zamu, wale mnaowaita supavaiza, na wazee bado wanawaita nyapara. Wiki ya kwanza tunatazama zamu zote, ya usiku ikiwemo. Ya pili tunakaa na msimamizi palepale kazini, anaichambua kazi moja hatua kwa hatua: nini kinafanyika, pa kuangalia ni wapi, na kwa nini. Ya tatu anamfundisha mfanyakazi wake yeye mwenyewe, sisi tunafunga mdomo. Kijana wangu akiingilia hapo, wafanyakazi watajua mkubwa ni yule mgeni. Siku mgeni akiondoka, msimamizi anabaki na koti la rangi tofauti tu.

Aliyekuwa akitazamwa siku ile ni mama mmoja aliyepandishwa cheo kwa sababu hakuna aliyeijua ile mashine kama yeye. Akisikia mlio tu anajua maji yamezidi. Kumpandisha fundi bora ndiyo njia ya mkato mnayoipenda kuliko zote, na mara nyingi mnapoteza fundi mkapata msimamizi anayemsukuma mtu kando kila anapokosea. Dawa yetu kwake ilikuwa ndogo: mikono mifukoni mwa aproni, aseme, asishike. Siku mbili aliteseka. Siku ya tatu yule mfanyakazi akazidisha maji, unga wote wa mashine ukawa rojo, mama akamuuliza, "Umesikia mlio umebadilika?" Tangu siku hiyo kiwanda kina watu wawili wanaosikia. Bosi yeye aliuona unga tu, na gharama yake akanikata kwenye malipo. Nilikubali, lakini sikufurahi.

Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Wamarekani waliutengeneza miaka ya 1940, wakati wa vita, viwanda vilipojaa watu wapya ambao hawajawahi kushika mashine. Una hatua nne: mwandae mtu, mwonyeshe, mwache ajaribu, mfuatilie. Baada ya vita ukafika Japani, na Toyota wakaushika. Kanuni yake ni kwamba mfanyakazi asipojifunza, aliyemfundisha bado hajafundisha. Hatua ya nne, kufuatilia, ndiyo wiki ya tano na ya sita kwetu, na ndizo kila mteja anataka zikatwe.

Mteja mmoja wa maghala huko Namanve, eneo la viwanda karibu na Kampala, alizikata, nasi tukakubali. Kosa hilo ni letu. Msimamizi wake alirudia mazoea, anahesabu mizigo mwenyewe huku vijana wamekaa juu ya magunia wanamtazama. Kisha akaenda kuzika Soroti siku tatu. Mpangilio wa stoo ulikuwa kichwani mwake peke yake. Lori likapakiwa mzigo usio wake, likaenda Mbale, likageuzwa na mzigo wote. Zaidi ya kilomita 200 kwenda, na zile zile kurudi. Piga hesabu ya dizeli na posho ya dereva, halafu uniambie wiki mbili zangu ni ghali.

Jambo jingine ambalo hamtaliona kwenye ukumbi wa semina ni lugha. Kwenye zamu moja Jinja utakuta Msoga, Mganda, Mteso na kijana kutoka Busia. Msimamizi akitania kwa Kisoga, wasiokielewa wanadhani wanasengenywa, na wiki hiyo hiyo utasikia fulani anapendelea watu wa kwao. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili kwenye katiba ya Uganda mwaka 2005, lakini kazini kilikuwepo zamani. Sisi tunataka makabidhiano ya zamu yafanywe kwa Kiswahili, dakika kumi, watu wakiwa wamesimama: mashine ipi inasumbua, nani hakuja, nini kimebaki nusu.

Mnaniambia ipo semina ya siku mbili hotelini kando ya ziwa, na chakula, na cheti kwenye fremu, kwa nusu ya bei yangu. Nendeni, sina ugomvi nao. Ila hoteli haina zamu ya saa nane usiku, na huko hakuna mtu atakayeacha valvu wazi ili msimamizi wako ajifunze kumkanya mtu mzima bila kumvunjia heshima mbele ya wenzake. Bei yangu ina usiku huo ndani yake.

Kwa hiyo kuanzia sasa mkataba ni wiki sita, hazikatwi.

Yule bosi wa mikate nilimwalika aje kwenye makabidhiano ya alfajiri. Alikuja, akasimama nyuma kimya, mikono yake mifukoni. Ijumaa akalipa, pungufu ya ule unga na ile asilimia 6 ya kodi ambayo mlipaji anaikata na kuipeleka URA, mamlaka ya mapato. Risiti ya hiyo 6 bado naisubiri.