Matangazo ya kusoma ng'ambo yatolewe mapema

Mhariri,

Mimi ni mzazi, nauza mahamri na mbaazi hapa Kisauni, na binti yangu yuko mwaka wa tatu chuoni. Juzi aliona tangazo la nafasi za kubadilishana wanafunzi na chuo cha Ujerumani. Lilikuwa ubaoni, limefunikwa nusu na tangazo la mechi, na siku za kutuma maombi zimeshakwisha.

Hata angeliona wiki moja kabla, angewahi vipi? Matokeo yake yataka saini na mhuri wa msajili. Barua za wahadhiri. Orodha ya masomo atakayosoma kule, ikubaliwe na vyuo vyote viwili, la sivyo akirudi hayahesabiwi. Pasipoti waijaza fomu kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha lazima uende mwenyewe ukachukuliwe alama za vidole.

Linaniuma kwa sababu nafasi hizi ndizo za watoto wetu sisi wanyonge. Chini ya Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, kwa mfano, mwanafunzi halipi karo katika chuo kinachompokea, na hupewa fedha za nauli na za kujikimu. (Wazazi wenzangu mnaohofia binti kupotelea huko: mara nyingi ni muhula mmoja au miwili, kisha anarudi kumalizia shahada yake hapa.)

Naviomba vyuo vya Pwani vitangaze mwanzo wa muhula, vimtumie kila mwanafunzi ujumbe kwenye simu, na afisi ya msajili iwatengee waombaji siku yao.

Mzazi,
Kisauni, Mombasa