Shukrani kwa kaka wa bajaji, Tanga

Kaka yangu, jina lako sikuuliza, nilikuwa nimechanganyikiwa. Mimi ni mke wa yule wa baiskeli aliyegongwa na pikipiki alfajiri, Barabara ya Pangani, akienda kazini.

Wengine walipita. Wewe uliwaomba abiria wako washuke, ukavua shati ukamfunga kichwani, ukamkimbiza hospitali. Ukanipigia kwa simu yake: “Shemeji, usikimbie, utamwangusha mtoto. Yuko hai, anaongea.” Kweli nilikuwa nimeshafika njiani peku, mtoto mgongoni, na yule mkubwa wa miaka 4 ameshika kanga yangu analia. Maneno yako ndiyo yaliyonisimamisha nikavuta pumzi.

Nauli ulikataa. Jioni nikakuta baiskeli imeegemezwa ukutani kwetu, usukani umenyooshwa. Nani alikuelekeza nyumbani, sijui mpaka leo.

Mfupa wa mtulinga wa mume wangu umeunga. Juzi amembeba mtoto kwa mara ya kwanza, nikalia.

Shati lako nimelifua, damu imetoka yote, nimelipiga pasi. Tafadhali pita ulichukue, na chai unywe. Watoto wanakuuliza. Mungu akuzidishie, kaka.