Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ajira na Nidhamu ya Askari Mgambo, Tanga

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma Mhazini. Mimi nitazungumzia jambo lililowaleta wanachama ofisini mara nyingi kuliko yote mwaka huu, yaani namna askari mgambo anavyoajiriwa, anavyoadhibiwa na anavyoachishwa kazi.

Wengi wetu bado tunaamini kwamba mgambo, kwa kuwa anavaa sare, hana sheria ya kazi inayomlinda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imewaweka kando Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa, ambao wana sheria zao; mgambo anayelinda ghala au yadi kwa mshahara hayumo katika orodha hiyo. Aliyeajiriwa na halmashauri kama mtumishi wa umma huongozwa na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, na akifukuzwa hukata rufaa kwenye Tume ya Utumishi wa Umma, kisha kwa Rais.

Mwenzetu mmoja alikuja nyumbani kwangu Makorora na sare yake ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko, filimbi juu yake. Alikuwa amelinda ghala la mwajiri mmoja kwa miaka minne. Asubuhi moja marobota ya mkonge yalihesabiwa yakaonekana pungufu, na msimamizi akamwambia pale pale getini aende nyumbani asirudi. Hakupewa barua wala hakuulizwa neno, ilhali kanuni za mwaka 2007 zilizo chini ya Sheria hiyo ya Ajira zinataka mtuhumiwa ajulishwe tuhuma zake, apewe muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, na asikilizwe akiwa na mwenzake wa kumsaidia. Tena ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba alimwachisha kwa haki. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alisubiri mwisho wa mwezi akitumaini mshahara, zikapita siku 30 za kufikisha shauri la kuachishwa kazi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na sasa imebidi kwanza aombe kuongezewa muda.

Mwanachama mwingine, aliyetuhumiwa kutoroka lindo, aliokolewa na daftari lake: alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake na saa yake, kila lori lililotoka usiku ule, hadi la saa 11:40 alfajiri. Naomba kila mmoja wetu awe na desturi hiyo.

Lazima pia niseme kwamba malalamiko dhidi yetu yapo, na mengine ni ya haki. Askari anayechukua samaki wa mama muuzaji kwa kisingizio cha ukaguzi hatatetewa na chama hiki. Tutakachodai kwa niaba yake ni kusikilizwa tu, kama anavyostahili mtu yeyote.

Kamati imeamua kila mwanachama alete nakala ya mkataba wake kwa Katibu. Asiye nao tutamwandikia mwajiri wake barua, kwa sababu kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Na yeyote atakayeambiwa aondoke aje ofisini siku hiyo hiyo.

Ndugu yetu wa ghala bado anasubiri uamuzi wa ombi lake. Sare yake tumemshauri asiirudishe mpaka mtu aipokee kwa saini.