Mahamri Yakiumuka

Kisauni, Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, ila joto hili la kaskazi linatunyima usingizi. Nyanyako kila siku huuliza kama unakula vizuri huko Nairobi.

Juzi kwenye simu ulisema neno ambalo nimelala nalo siku mbili: "Mama, Biblia naisoma, lakini sisikii kitu." Nilikujibu mbio mbio, wateja wamenizunguka, na jibu lenyewe halikuniridhisha. Ndiyo sababu nakuandikia.

Unajua alfajiri zangu. Adhana ya msikiti wa hapo nyuma hunikuta nimeshakata mahamri, nimeyapanga kwenye sinia na kuyafunika kitambaa yaumuke. Ukiyatia mafutani kabla ya wakati wake hayafuri, yanabaki bapa. Basi nina nusu saa ya kungoja, na nusu saa hiyo nimeisomea tangu ulipokuwa darasa la pili. Ndiyo maana Biblia yangu inanukia iliki, na Mathayo ana alama ya mafuta ya kidole changu.

Alama hiyo ina kisa chake. Unakumbuka mwaka ule mimi na mamako mdogo hatukuwa tukisemezana, kwa ajili ya pesa za matanga ya babu? Haki ilikuwa yangu, hata majirani walisema. Wakati ule nilikuwa nasoma Mathayo kwa kufuata, sura moja kila alfajiri. Nikafika ya tano, pale Yesu anaposema ukileta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, uende kwanza mkapatane. Nilisoma mara mbili. Hakuuliza nani mwenye haki. Hakusema hata kama mimi nina neno juu yake. Alisema yeye ana neno juu yangu. Nikafunga kitabu, nikaenda kukaanga mahamri.

Kesho yake sura ya sita: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Deni, mwanangu! Nikapita haraka. Siku ya kumi na tatu tangu ile ya kwanza nikafika sura ya kumi na nane, kwa yule mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi akamkaba koo mwenzake kwa dinari mia. Nililia pale jikoni. Jumamosi nikatia mahamri kwenye kikapu, nikapanda matatu, nikavuka feri mpaka Likoni. Mamako mdogo alinipokea kikapu, akabandika chai. Habari ya pesa hatukuigusa.

Sasa fikiria ningekuwa nachagua mwenyewe cha kusoma. Alfajiri ile ningefungua zaburi ya kuomba adui zangu waaibishwe, na mamako mdogo ningemtia humo humo. Huu mtindo wa kuokota mstari mmoja mtamu kwenye simu mimi siupendi. Si dhambi, lakini mtu akichagua kila siku, mwishowe anajisikiliza mwenyewe. Unaposoma kwa kufuata, Mungu ndiye anayeshika usukani wa mazungumzo.

Hata neno hili kwa Kiswahili lilianza kwa kufuata, na lilianzia hapa kwetu. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akaanza kutafsiri Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Julai mkewe Rosine akafa, na mtoto wao mchanga pia. Wamezikwa huku huku bara, upande wa Nyali. Naye hakuiacha kazi. Nikipita Kongowea penye ile kengele ya Frere Town, kijiji cha wamisionari cha watumwa walioachiwa huru, humkumbuka, ingawa kengele ni ya baadaye.

Na kuhusu kutosikia, soma 1 Samweli sura ya tatu. Mtoto Samweli analala hekaluni, anaitwa kwa jina lake, na mara tatu anamkimbilia kuhani Eli. Sauti aliisikia vizuri. Hakujua tu ni ya nani, kwa kuwa neno la BWANA lilikuwa halijafunuliwa kwake bado. Huenda nawe unasikia, ila unadhani ni mawazo tu au uchovu wa masomo. Mimi siku zile kumi na tatu nilidhani ni hasira. Halafu tazama neno la kwanza alilopewa Samweli: hukumu juu ya nyumba ya mzee aliyemlea. Aliogopa hata kulisema. Kwa hiyo usingoje utamu ndipo ujue kwamba ni Mungu.

Tafuta nusu saa yako, hata ukingoja maji ya chai yachemke. Usianze na Mambo ya Walawi, utachoka. Anza na Marko, ana sura kumi na sita tu. Soma kwa sauti ya chini, sikio nalo lipate. Kuna mstari utakukwama kama mwiba wa samaki. Huo usiupite, tembea nao siku nzima, ukamwulize Mungu anataka nini.

Mimi niko Marko sura ya tatu. Nitairudia hiyo hiyo mpaka Jumatatu. Ukianza Jumamosi utanikuta hapo, nakungoja.

Mamako