Leteni choo kabla ya kumeza dawa

Mhariri,

Msomaji mmoja aliuliza hapa kwa nini majibu ya kipimo chake cha choo yalichukua siku tatu. Mimi naotesha bakteria maabara mwaka wa 19 sasa, naomba nimjibu.

Choo kikinifikia, natafuta kwanza penye damu au kamasi na kuchota hapo. Nakipaka kwenye sahani zenye chakula cha bakteria, zinalala usiku kucha kwenye joto la nyuzi 37. Tumbo la mtu mzima wa afya limejaa bakteria wasio na shida, na mimi namtafuta mkorofi mmoja katikati ya umati huo. Kesho yake, kwenye sahani ya XLD, aina mojawapo ya chakula hicho, Salmonela, bakteria wa kuharisha, kwa kawaida huota vitone vyekundu vyenye kiini cheusi, na Shigela, bakteria wa kuhara damu, vyekundu visivyo na weusi. Kwa rangi peke yake siwezi kuapa, maana wapo wasiodhuru wanaofanana nao. Nachukua kitone kimoja, nakijaribu kwa sukari mbalimbali, na usiku wa pili unapita. Wa tatu ni wa kujua dawa gani itamuua. Kampilobakta, bakteria mwingine wa kuharisha, ndiye mgumu zaidi: anataka nyuzi 42, hewa yenye oksijeni kidogo, na mara nyingi saa 48.

Lakini si kungoja kunakoniuma. Kuna mama alileta choo cha mwanawe wa miaka minne aliyekuwa anahara damu. Kilikuwa kimekaa kikoponi tangu jana yake jioni, na mtoto alishapewa vidonge vilivyobaki vya kaka yake. Shigela hawavumilii hayo. Choo kikizidi saa mbili bila kuwekwa kwenye kimiminika cha kusafirishia sampuli, wanaanza kufa, na dawa inawamaliza waliobaki. Nikaandika kwamba hakuna bakteria wa ugonjwa aliyeota. Mama akasoma, akamshukuru Mungu, akasema basi mwanangu hana kitu. Nilitoka nyuma ya dirisha nikamrudisha mwenyewe kwa daktari, mtoto bado anavuja damu.

Mama zangu, baba zangu, "hakuna kilichoota" maana yake hakuna kilichoota kwenye sahani yangu. Basi. Na vidonge vya kubahatisha vina hatari nyingine: kuna E. coli wanaotoa sumu, na kwa hao antibiotiki zinahofiwa kuongeza uwezekano wa figo kushindwa kazi. Maji ya chumvi na sukari ya pakiti mpeni mgonjwa tangu mwanzo, hayo hayaharibu kipimo changu hata kidogo.

Madaktari nao nawaomba. Fomu iliyoandikwa "choo" tu hainisaidii. Niandikieni amehara siku ngapi, kuna damu au hakuna, amemeza dawa gani. Mkishuku kipindupindu semeni waziwazi, kwa sababu Vibrio, bakteria wa kipindupindu, ana sahani yake, TCBS, ambako huota vitone vya manjano, na sahani hiyo siitoi kwa kila sampuli. Wiki iliyopita nilipokea fomu sita zenye neno moja moja. Niliwapigia simu wote sita, wawili wakapokea.

Mtaalamu wa maabara