Barua kwa mama mdogo: unachouliza ninakula nini Khon Kaen

Assalaam alaykum mamdogo, shikamoo.

Juzi uliniuliza kwenye simu, "Unakula nini huko mwanangu?" nikakujibu, "Chakula tu," mara mtandao ukakata. Jibu lile limenikaa moyoni. Wewe ndiye uliyenilea jikoni kwako Tanga, hukustahili kujibiwa mkato. Naandika waziwazi kwa kuwa najua wapo kina mama wengine ambao watoto wao wamekuja Thailand kufundisha Kiingereza, nao wanalala na swali hilohilo.

Niko mkoa wa Khon Kaen, kaskazini-mashariki, kanda wanayoiita Isan. Ni nchi ya mashamba ya mpunga. Nyumbani watu wanazungumza Kiisan, ambacho ni ndugu na Kilao, shuleni Kithai, halafu naingia mimi na Kiingereza changu. Wanafunzi wangu wanapanda ngazi ileile niliyoipanda mimi: Kisambaa kwa bibi, Kiswahili mtaani, Kiingereza darasani.

Sasa chakula. Nguruwe yuko kila mahali huku, kwa hiyo sentensi ya kwanza niliyojifunza ni mai kin mu, sili nguruwe. Nyama nyingine pia siigusi kwa kuwa sijui imechinjwaje. Nakula samaki, mayai na mboga. Mpishi wa kantini siku hizi akiniona tu ananikaangia yai kwenye kikaango cha peke yake, na wala sikumwomba.

Mwezi wa kwanza nilikula kwa kijiko na uma kama Wathai wengi. Kijiko kinakaa mkono wa kulia, uma wa kushoto ni wa kusukumia wali tu, hauingii mdomoni. Jumamosi moja mwalimu mwenzangu, mama wa makamo anayefundisha hisabati, akanialika kwao kijijini. Tukaketi mkekani, vyakula katikati. Akafungua kijikapu cha mianzi chenye mfuniko, mvuke ukatoka. Ndani mlikuwa na khao niao, wali wa kunata. Mchele wake hulowekwa usiku kucha, kisha hupikwa kwa mvuke ndani ya tenga dogo la mianzi lililokaa juu ya chungu, maji yasiuguse. Nikatafuta kijiko kwa macho, hakuna. Yule mama akamega, akafinyanga tonge kwa vidole, akachovya kwenye pilipili.

Mamdogo, nilinawa, nikapiga bismillahi, nikamega kwa mkono wa kulia. Tonge dogo, kiganja kisichafuke, unachukua upande wako na huparamii wa mwenzio, kama ulivyotufundisha kwenye sinia la ugali huku ukitugonga vidole tukikosea. Yule mama akanitazama, akamwambia mumewe neno kwa Kiisan, wakatabasamu wote wawili. Baadaye akanifasiria: "Nimesema huyu amelelewa." Nilishindwa kumjibu. Nilikuwa nakuona wewe.

Halafu akavuta kinu. Cha udongo, kirefu, mchi wake wa mti. Ndani anaweka pilipili na vitunguu saumu, kisha nyanya, ndimu na papai bichi lililokatwa nyuzinyuzi. Papai halitwangwi likawa rojo, linagongwagongwa tu ladha iingie. Mwisho anatia pla ra, samaki wa mtoni waliokaa mtungini kwa miezi na chumvi na pumba za mchele. Wageni wengi wanaikimbia harufu yake. Mimi niliyekua nanusa ng'onda na papa mkavu sokoni, nitaikimbia vipi?

Huku mtu hakuulizi habari za asubuhi, anakuuliza umeshakula wali? Kin khao laeo bo? Mwanzoni nilijibu kwa maelezo marefu, sikujua ni salamu. Na saa zao za usiku ni zetu, wallahi. Saa 3 usiku wanasema sam thum, na sam ni tatu. Saa 4 ni si thum, na si ni nne. Walimu waliotoka Ulaya husumbuka na hesabu hiyo. Mimi niliielewa palepale.

Darasani kazi kubwa ni sauti za mwisho wa neno. Wakitamka bus inasikika "bat", kwa sababu Kithai hakifungi neno kwa s. Nikawaandikia ubaoni kwamba kwetu neno hilohilo lilitushinda kulifunga, tukaliongezea irabu, likawa basi. Tangu siku hiyo wanathubutu kutamka bila aibu, na mtoto aliyekuwa haongei kabisa sasa ananisalimia kwa Kiingereza getini.

Nimekosea pia. Nilimshika kichwa mwanafunzi mmoja kumpongeza, kama walimu wetu walivyotufanyia, darasa zima likanyamaza. Kichwa huku ndicho kitukufu kuliko viungo vyote. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, na mwezi Juni, siku ya kuwaheshimu walimu, alikuja kwa magoti akaniletea maua. Kuna ua jekundu la khem, maana yake sindano, ili akili iwe kali. Kuna ua la biringanya, ambalo huinama.

Lililoniuma sikukuambia. Kabla ya kazi hii, wakala mmoja aliitazama picha yangu akasema wazazi wanataka mwalimu mwenye sura ya Kizungu. Shahada ninayo, mtihani wa Kiingereza nilifaulu. Nililia siku ile, na ndiyo maana wiki nzima sikupiga simu.

Jana nimemtembelea tena yule mama wa hisabati. Chini ya nyumba yao, maana imeinuliwa kwa nguzo, nimeona kigoda cha zamani chenye ulimi wa chuma mbele. Nikauliza. Akasema ni kratai, sungura, wa kukunia nazi. Nikamwambia kwetu mnyama huyo ni mbuzi, naye akaenda kumwita jirani aje kulisikia.

Ameniomba Jumamosi nimpikie chakula cha kwetu. Samaki nitapata, nazi nitakuna mwenyewe kwa huyo sungura. Naomba unitumie kwa sauti ule mpangilio wako wa samaki wa kupaka: tui la kwanza unalitia lini, na ukwaju kiasi gani?