Dawa ya kisukari haiazimwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotuumiza huku Mtwara kila msimu wa korosho unapofika. Watu wenye kisukari wanahamia mashambani, tarehe ya kliniki inawapita wakiwa huko, vidonge vinaisha, wanaazima kwa jirani. "Si na wewe una sukari? Meza hivi, mimi vinanisaidia." Anapewa viwili vitatu, anaondoka.

Vidonge vya sukari haviko sawa. Metformini, ambayo wengi wetu huanzishiwa, ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi ni habari nyingine: inalilazimisha kongosho kutoa insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, uwe umekula au hujala. Mtu amekunywa chai kavu alfajiri, amemeza kidonge hicho cha kuazima, kisha ameinama kuokota korosho hadi saa nane mchana. Sukari yake inaweza kushuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye kipimo, na ikizidi kushuka ubongo unaishiwa nguvu. Akiwa mzee, au figo zikiwa zimechoka, dawa inakaa mwilini muda mrefu zaidi.

Yalimkuta mjomba wangu kule Tandahimba. Walimkuta chini ya mkorosho, shati limelowa jasho la baridi, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Waliofika kwanza walisema amelewa uraka. Wengine wakataka aitwe mganga, eti kapandwa na mashetani. Shemeji yake, aliyewahi kumuuguza mama mwenye sukari, ndiye aliyeelewa. Alikoroga maji ya sukari na, kwa kuwa mjomba bado aliweza kumeza, akamnywesha taratibu. Angekuwa amezimia, kumnywesha chochote kungeweza kumpalia na kumuua. Baada ya muda akaanza kututambua, watu wakafurahi, wakasema apumzike tu. Shemeji akakataa, akaita bodaboda apelekwe hospitali. Alifanya vizuri sana, maana nguvu ya kidonge kile inaweza kudumu siku nzima, na mgonjwa aliyezinduka jioni anaweza kuzima tena usiku watu wakidhani amelala.

Wapo pia wanaoshawishiwa kuacha sindano za insulini. Sina ugomvi na mlonge, ni mboga nzuri na hata nyumbani tunaula. Ninachokipinga ni muuza dawa za asili kumwambia mzazi kwamba unga wa mizizi unatosha, mtoto aache insulini. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana insulini ya kwake ya kutegemea. Ukimkatisha, ndani ya siku chache, pengine moja tu, anaanza kutapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa nguvu na kwa haraka. Nyumbani wanadhani malaria. Kabla insulini haijagunduliwa mjini Toronto mwaka 1921, watoto wa aina hii hawakuwa na muda mrefu wa kuishi, na sisi tunawarudisha huko kwa mikono yetu wakati dawa ipo.

Ramadhani nayo ina yake. Mtu anaamua mwenyewe kuhamishia dozi ya asubuhi kwenye daku, kisha anashinda na njaa kutwa nzima. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Anayeona anaweza kufunga amwone daktari Shaabani haijaisha, apangiwe dawa na saa za kupima. Mashehe wetu wakilisema hili msikitini, litasikika kuliko likisemwa na mtu mwingine yeyote.

Ombi langu kwa kliniki za mkoa wetu na za Lindi: msimu ukikaribia, mgonjwa anayekwenda shamba apimwe, apewe dawa za kumtosha hadi atakaporudi, na aelezwe dalili za sukari kushuka pamoja na yule atakayekaa naye huko. Viongozi wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, nao wampe muuguzi dakika kumi kwenye mkutano kabla minada ya korosho haijaanza. Nanyi wenye maduka ya dawa, mtu akija na paketi tupu ya jirani akitaka "kama hizi hizi", msimpe. Muulizeni amepima sukari lini, na kadi yake ya kliniki iko wapi.

Msomaji wako,
Chikongola, Mtwara